James Young, mtoto wa seremala aliyekamua mafuta ndani ya jiwe

Umeme ulikatika mjini Meru mara tu baada ya sala ya Magharibi, na nyumba nzima ikaingia kiza. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya marehemu maalim wangu, mwenyeji wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyehamia bara miaka mingi iliyopita kuwasomesha watoto wa Kiislamu wa mji ule, na huko huko akafia na kuzikwa. Maziko yake sikuyawahi. Nilifika kuhani tu, tena arubaini imekwisha kupita.

Bibi, mjane wake, aliagiza kandili. Nililitambua hata kabla halijawashwa, kwa ule mpini wake uliozongwa waya wa shaba. Ndilo lile lililokuwa likitundikwa chuoni kwetu Siyu nilipokuwa mtoto wa miaka saba, nikisoma juzuu ya Amma pamoja na wenzangu ishirini na kitu, sote tumelizunguka kama kumbikumbi.

Lakini kandili lilikuwa kavu. Mjukuu wa maalim, kijana wa miaka kama kumi na miwili, alitumwa na chupa kwenda kutafuta mafuta ya taa. Alikawia sana, kwani siku hizi si kila duka linayo. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ili kuwazuia waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, wauzaji wengi wameyaacha. Aliporudi tulifuta chemni, tukakata utambi, na taa ikawaka.

Hapo kijana akaniuliza mambo mawili. La kwanza, ni nani mtu aliyeanza kuyatengeneza mafuta haya kwa wingi hata yakamfikia kila mtu. La pili, ikiwa yale mawe meusi yaliyojaa katika mashamba ya Meru yanaweza kukamuliwa yakatoa mafuta, maana alisikia shuleni kwamba zipo nchi ambazo mafuta hutolewa katika mawe. Nikamwahidi kuwa nitamwandikia. Ahadi ni deni, na katika nyumba ile nilikuwa na deni jingine la zamani, ambalo nitalitaja kabla sijaweka kalamu chini. Leo, msomaji mpenzi, nalipa lile la kwanza.

MTOTO WA SEREMALA

Mtu tunayemzungumza ni James Young, Mskochi, aliyezaliwa katika mji wa Glasgow tarehe 13 Julai, mwaka 1811. Baba yake alikuwa seremala, na kijana alianza maisha kwa kushika randa na msumeno katika karakana ya baba. Mchana alifanya kazi. Usiku alikwenda kusoma katika chuo cha Anderson, chuo kilichofungua milango yake kwa wafanyakazi wasio na uwezo wa kusoma mchana.

Huko alimpata mwalimu aliyebadilisha maisha yake. Naye ni Thomas Graham, mtaalamu mkubwa wa kemia wa zama zile. Graham alimwona yule mtoto wa seremala kuwa ana mkono mwepesi na jicho kali, akamfanya msaidizi wake. Graham alipohamia London mwaka 1837, Young alifuatana naye.

Katika chumba chake cha pale chuoni, Young alikuwa na meza ya ufundi na mashine ya kukerezea mbao. Wanafunzi wenzake walikuwa wakija kutazama na kujifunza. Mmoja wao alikuwa kijana maskini aliyekulia katika kiwanda cha pamba, ambaye wakati ule alikuwa akisomea udaktari. Huyo ni David Livingstone, ambaye baadaye jina lake lilifika mpaka Zanzibar na Ujiji. Livingstone alijifunza kutumia vifaa vya ufundi mikononi mwa Young, na urafiki wao haukuvunjika mpaka mauti. Nawaomba wasomaji wamweke huyu pembeni kidogo. Tutarudi kwake, na kwa wengine wawili ambao wanatuhusu sisi zaidi kuliko yeye.

TONE LA DARINI

Baada ya London, Young alifanya kazi katika viwanda vya kemikali vya kaskazini mwa Uingereza. Akiwa Manchester, mwishoni mwa mwaka 1847, alipata habari kutoka kwa rafiki yake mwingine wa chuo, Lyon Playfair, kwamba katika mgodi mmoja wa makaa ya mawe huko Derbyshire kumetokea chemchemi ya mafuta mazito. Wenye mgodi hawakujua la kuyafanyia. Young alikwenda, akayakodi, na mwaka 1848 akaanza kuyasafisha. Alipata aina mbili: mafuta mepesi ya kuwashia taa, na mafuta mazito ya kulainishia mashine za viwanda vya pamba.

Hapa lazima tuseme kweli. Ujuzi wa kukeneka mafuta haukuanza na Wazungu. Kukeneka ni kule kuchemsha kitu mpaka mvuke wake upande, kisha upozwe urudi kuwa maji, kama wafanyavyo watu wa Jabal Akhdar kule Oman wanapotengeneza marashi ya mawaridi. Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, tabibu mashuhuri aliyeishi karne ya 9 na ya 10, aliandika namna ya kukeneka nafta mpaka ikawa nyeupe, safi, ya kuwaka. Naye Abraham Gesner wa Kanada alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1846 mafuta ya taa aliyoyatoa katika makaa. Kwa hiyo hatusemi kwamba Young ndiye wa kwanza kuyaona mafuta haya. Tunasema kwamba ndiye wa kwanza aliyeyafanya kuwa kazi kubwa ya kiwanda, yakatoka kwa mapipa, si kwa vichupa.

Tena yalimjia kwa njia ya msiba. Ile chemchemi ya Derbyshire ilianza kupungua, na kufikia mwaka 1851 ikawa imekwisha. Mtu mwingine angalifunga mlango akarudi kwenye mshahara. Lakini Young alikuwa ameona jambo mle mgodini. Katika dari ya mgodi, juu ya tabaka la makaa, mafuta yalikuwa yakidondoka tone moja moja kutoka kwenye jiwe. Akajiuliza: haya yamefikaje juu? Akadhani kwamba joto la ardhini liliyachemsha makaa polepole, mvuke ukapanda, ukapoa katika jiwe la juu, ukarudi kuwa mafuta. Ikiwa ndivyo, basi yaliyofanywa na ardhi kwa muda mrefu, mtu naye anaweza kuyafanya kwa chungu cha chuma na moto.

Wataalamu wa leo wanasema dhana yake haikuwa sahihi yote. Lakini ilimpeleka kwenye njia sahihi. Alijaribu makaa ya aina nyingi, moja baada ya jingine. Aligundua kwamba moto ukiwa mkali mno, makaa hutoa gesi tu, kama ile iliyotumiwa kuwashia taa za barabarani mijini. Moto ukiwa wa wastani, unaopanda taratibu, ndipo mafuta hutoka. Siri yote ilikuwa hapo, katika subira ya moto. Mpishi yeyote wa Pwani anayejua kukamua tui na kulipika mpaka mafuta ya nazi yakaelea juu ataelewa maana yake, kwani moto wa pupa huunguza.

Tarehe 17 Oktoba, mwaka 1850, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata, pamoja na wenzake wawili, Edward Binney na Edward Meldrum, alifungua kiwanda mjini Bathgate, Uskochi, karibu na mahali palipopatikana makaa ya namna ya pekee, yaliyoitwa makaa ya Boghead au madini ya Torbanehill. Tani moja ya makaa hayo ilitoa zaidi ya galoni 100 za mafuta ghafi. Kiwanda hicho kinahesabiwa kuwa cha kwanza duniani kutengeneza mafuta ya madini kwa biashara kubwa, miaka minane kabla Wamarekani hawajachimba kisima chao cha Pennsylvania mwaka 1859.

MAKAA AU JIWE?

Mali ikija, maneno huja. Mwaka 1853 palikuwa na kesi kubwa mjini Edinburgh juu ya madini yale ya Torbanehill. Mwenye ardhi alikuwa amewakodisha wachimbaji haki ya kuchimba makaa. Alipoona faida inayopatikana, akadai kwamba kile si makaa bali ni kitu kingine, kwa hiyo hakikuwamo katika mkataba. Wataalamu wakaitwa mahakamani, hawa wakiapa kuwa ni makaa, na hawa wakiapa kuwa siyo. Baraza la wazee wa mahakama likaamua kuwa ni makaa. Hata hivyo wasomi waliendelea kubishana kwa miaka mingi.

Young mwenyewe hakuwa mtu wa kusamehe haki yake. Aliwashitaki waliotumia njia yake bila ruhusa, na huko Marekani wenye viwanda vya mafuta ya makaa walilazimika kumlipa. Kesi yake kubwa kuliko zote aliishinda mwaka 1864, mwaka ule ule hati yake ilipokwisha muda. Wapo waliomwona kuwa bahili wa elimu. Mimi nasema alikuwa mfanyabiashara wa zama zake, na hatuna haja ya kumfanya walii.

Lakini dhiki nyingine ilikuwa njiani. Makaa ya Boghead yalikuwa kidogo, yakaanza kumalizika katika miaka ya 1860. Hapo ndipo lilipokuja lile jiwe ambalo kijana wa Meru aliniuliza.

JIWE LA MAFUTA NI NINI

Katika nchi ya West Lothian, Uskochi, kuna jiwe jeusi au la kijivu lenye matabaka membamba, kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, pale palikuwa na maziwa ya maji. Mwani na vijimea vidogo vilikufa, vikazama katika tope la chini, tope likafunikwa na tope jingine, likagandamizwa mpaka likawa jiwe. Ndani yake mlibaki ule utomvu wa mimea, ambao wataalamu huuita kerojeni.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Jiwe hili halina mafuta ndani yake kama nazi ilivyo na maji. Ukilivunja hutaona hata tone. Kerojeni ni mafuta yasiyoiva. Ardhi ingaliendelea kuyapika kwa kina na joto kwa mamilioni ya miaka, yangalikuwa mafuta ya kisimani. Mwenye kiwanda hana muda huo. Basi hulivunjavunja jiwe, hulitia katika matanuri marefu ya chuma, hulipasha moto mpaka kerojeni ivunjike iwe mvuke, kisha huupoza mvuke. Ndiyo kazi ile ile ya Young ya mwaka 1850, ila sasa kwa jiwe maskini zaidi, lililotoa sehemu ndogo tu ya yale yaliyotoka katika Boghead. Palihitajika mawe mengi, moto mwingi na watu wengi.

Mwaka 1865 Young aliwanunulia wenzake sehemu zao, akaanza kiwanda kikubwa zaidi mahali paitwapo Addiewell. Mwaka 1866 aliiuza kazi yote kwa kampuni mpya iliyobeba jina lake, kwa pauni 400,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mtoto wa seremala akawa tajiri mwenye majumba, na watu wakambandika jina la Paraffin Young.

Katika jiwe lile hawakutoa mafuta ya taa peke yake. Walitoa nta ya mishumaa, mafuta ya mashine, na chumvi ya amonia ambayo ilikuwa mbolea nzuri ya mashamba. Wakati mafuta ya visima vya Marekani yalipomiminika kwa bei ya chini, ni hivi vitu vingine vilivyowaokoa Waskochi wasifunge milango mapema. Mwaka 1913 walichimba zaidi ya tani milioni 3 za jiwe. Lakini jiwe likiisha kukamuliwa, mabaki yake hayaliki wala hayajengi mengi. Waliyamwaga, yakawa vilima vyekundu vilivyosimama mpaka leo katika nchi ile. Na waliolichimba walikuwa watu wa jasho, wakiingia chini ya ardhi kwa taa na baruti. Kazi ilifungwa kabisa mwaka 1962, mafuta ya visima vya Mashariki ya Kati yalipoishinda kwa bei.

SUSI NA CHUMA

Sasa nirudi kwa Livingstone. Mwaka 1865, alipokuwa akijiandaa kwa safari yake ya mwisho, serikali ya Uingereza ilimpa pauni 500, na jumuiya ya wanajiografia ya London ikampa 500 nyingine. James Young peke yake alimpa 1,000, sawa na zile za wote wawili. Kwa hiyo, msomaji, safari ile iliyopita Mikindani, Ruvuma, Nyasa, Ujiji na Manyema ililipiwa nusu na taa za watu wa kawaida wa Ulaya, kila mmoja akinunua kichupa chake cha mafuta.

Livingstone alipopotea, Young alitoa pauni 2,000 kwa msafara wa kumtafuta kwa njia ya mto Kongo mwaka 1873. Ulikuwa umechelewa. Livingstone alifariki kwa mtawala Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwezi wa Mei, mwaka 1873.

Wasomaji wa Pwani mnaijua habari iliyofuata. Watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, ambako walifika Februari, mwaka 1874. Lugha iliyosemwa katika msafara ule ilikuwa hii yetu. Walipoufikisha mwili pwani, walilipwa mishahara yao, wakaachwa. Meli ikaondoka na maiti. Livingstone akazikwa London mwezi wa Aprili kwa heshima za wafalme, na Susi na Chuma, waliombeba mabegani, hawakuwapo.

Ni James Young aliyeona kwamba jambo hilo halikuwa la haki. Alitoa nauli yao kutoka katika mfuko wake, wakafika Uingereza mwaka ule ule wa 1874, japo mazishi yalikuwa yamepita. Huko walikaa na Horace Waller, aliyekuwa akiyatayarisha madaftari ya mwisho ya Livingstone yachapishwe, wakamweleza safari ilivyokuwa, siku kwa siku, kwa kumbukumbu ya vichwa vyao. Bila ya wawili hawa kitabu kile kingalikuwa na mapengo mengi. Kisha walikwenda Kelly, kwenye nyumba ya Young kando ya bahari ya Uskochi, na katika bustani yake wakamjengea kibanda cha miti na nyasi, mfano wa kile alichofia rafiki yake.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Tajiri wa mafuta, mwenye viwanda na mahakama nyuma yake, amesimama katika bustani yake akiwatazama Waafrika wawili wanajenga kibanda. Hakuweza kwenda mwenyewe kule Chitambo. Alitaka kuona mahali rafiki yake alipolala usiku wa mwisho, na waliojua ni hao wawili tu.

MWALIMU NAYE

Thomas Graham alifariki mwaka 1869. Mwaka uliofuata Young alikipa chuo cha Anderson fedha za kumweka mwalimu wa kemia ya viwandani daima, ili watoto wa maseremala wengine wapate kusoma. Mwaka 1872 sanamu ya Graham ikasimamishwa katikati ya mji wa Glasgow kwa fedha za Young. Na mwaka 1876 maandishi ya utafiti ya Graham, yaliyokuwa yametawanyika huku na huku, yakakusanywa na kuchapishwa, Young akiwa miongoni mwa waliolipa gharama. Sisi hatusimamishi masanamu, lakini kuyakusanya maandishi ya mwalimu ni jambo tunalolifahamu vizuri.

Young mwenyewe hakuacha utafiti. Katika uzee wake, pamoja na George Forbes, alipima mwendo wa nuru kwa kuipeleka kutoka Kelly hadi vilima vya ng'ambo ya maji na kuirudisha. Mtu aliyewapa watu taa alimalizia maisha akitaka kujua nuru inakwenda kwa kasi gani. Alifariki nyumbani kwake tarehe 13 Mei, mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 71.

MAWE YA MERU NA MAJI YA EMBU

Swali la pili la kijana lina jibu fupi. Mawe meusi ya Meru ni mawe ya moto. Mlima Kenya ulikuwa volkano. Uliyatapika yakiwa ya moto, yakapoa. Jiwe la mafuta ni jiwe la maji na tope. Hata ukilipika jiwe la Meru mwaka mzima, halitatoa tone. Yale ya mafuta yapo karibu na Kisangani huko Kongo, na yalichunguzwa tangu zama za Wabelgiji. Yapo Jordan, ambako tangu mwaka 2023 kituo cha Attarat kinayachoma moja kwa moja kupata umeme. Yapo Estonia, na yapo Marekani kwa wingi kuliko kwingineko. Huko kampuni ya Exxon iliingia kwa fedha nyingi, ikauacha mradi ghafla mwezi wa Mei, mwaka 1982, na maelfu wakakosa kazi. Jiwe hili limewashinda wengi kwa gharama yake na kwa moshi wake.

Lakini watu wa upande ule wana utajiri wa nuru wa aina nyingine. Niliporudi nilishuka Embu, nikakata kwenda Mbeere kupitia Kiritiri mpaka kwenye mabwawa ya mto Tana. Kindaruma ilianza mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Kutoka Kiambere njia kubwa ya umeme inateremka mpaka Rabai, na kutoka Rabai ni Mombasa. Mto ule ule unaomwagika katika bahari yetu upande wa Kipini unatuletea nuru kwa njia mbili, ya maji na ya waya.

Mzee mmoja wa Kiritiri alinieleza kwamba kwa miaka mingi waya zilipita juu ya paa lake kwenda miji ya mbali, na yeye chini yake akiwasha koroboi. Umeme ulifika nyumbani kwake baada ya ule mradi wa kuwasambazia wananchi ulioanza mwaka 2015. Hakusema kwa hasira. Aliniuliza tu ikiwa watu wa Mombasa wanajua taa zao zinatoka wapi. Nilisita kumjibu.

Na sasa lile deni langu. Miaka sita kabla hajafa, maalim aliniandikia barua akiniomba juzuu thelathini za watoto, maana walizokuwa nazo Meru zilikuwa zimechanika. Nilimjibu kwamba zinakuja. Nikashughulika, nikasafiri, nikaandika makala na mashairi, na mwaka ukaingia mwaka. Nilizipeleka mwezi ule, ndani ya sanduku, nilipokwenda kuhani. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akanieleza kwamba mpaka siku zake za mwisho maalim alikuwa akiwaambia watoto wasubiri, vitabu viko njiani.

Umeme uliporudi usiku ule, kijana alitaka kulizima kandili. Nilimwomba aliache kidogo. Akaleta juzuu moja kutoka sandukuni, akaketi karibu nalo, akaanza kusoma. Nami nikamsikiliza, nikimsahihisha pale alipokosea, kama nilivyosahihishwa.